Sifa za Mfungua Transfoma

Anayeunda husifiwa kwa jina la fundi. Anayefungua kilichokufa huitwa mtu wa skrepa, basi. Naona tunamdhulumu. Chukua transfoma ya chaja ya zamani ya betri za gari, ile nzito iliyoungua na kutupwa uani. Mpe asiyejua, ataiponda kwa nyundo hadi jua lizame, aambulie vipande vya kopa, yaani shaba, vilivyochanganyika na chuma na plastiki. Anayejua huanza kwa kuigeuzageuza tu, akitafuta pa kuingilia.

Kiini chake ni mabati membamba ya chuma, unene wa nusu milimita hivi, yaliyokatwa kwa umbo la herufi E na I, yakapishanishwa kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana. Kila bati lina utando usiopitisha umeme, la sivyo umeme ungezunguka ndani ya chuma chenyewe na kukitia joto la bure. Halafu mzigo mzima ukachovywa kwenye vanishi, na vanishi ndiyo adui. Bati la kwanza hukataa kabisa. Fundi huchomeka ncha ya kisu kikuukuu pembeni mwake, akagonga kidogo, akageuza, akagonga upande wa pili, mpaka bati litoe mlio mkavu wa kuachia. Hilo litaharibika, na hakuna anayelisikitikia. La pili litapinda. Yakishatoka machache, yaliyobaki hulegea, na nyundo inawekwa chini.

Transfoma ya maikrowevu ni habari nyingine: imechomelewa ubavuni, kwa hiyo grainda hupitishwa juu ya mshono. Na tahadhari ianzie kabla ya hapo, maana kapasita iliyo jirani yake huweza kubaki na chaji ya kuua hata plagi ikiwa imeshachomolewa.

Kinachofuata ni koili, nami hapa ndipo ninapompendea fundi huyu. Ndani kuna waya mwembamba wa upande wa umeme mkubwa, mizunguko mamia kwa mamia. Kisha karatasi iliyokauka. Kisha waya mnene wa upande wa betri, mizunguko michache. Iwe ulisukwa kwa mashine au kwa mkono, mzunguko umelala kando ya mwenzake, safu juu ya safu. Tangu siku ulipofungiwa humo hakuna macho yaliyouona. Mfunguaji anaifuata kazi ya msukaji kutoka mwisho kwenda mwanzo, na kama msukaji alilipua kazi, yeye ndiye atakayejua.

Kazi yenyewe ina asili ya heshima. Agosti 1831, mjini London, Michael Faraday alizungushia pete ya chuma waya wa shaba, mafungu mawili yasiyogusana, akayatenga kwa kamba na vitambaa vya pamba, tabaka baada ya tabaka. Pete hiyo ndiyo iliyozaa transfoma zote, na mpaka leo imehifadhiwa katika Royal Institution. Fungua transfoma yoyote kuukuu pale Gerezani, Dar es Salaam, utakuta vitu vilevile: chuma, shaba, na kitu cha kuvitenganisha.

Siku hizi lakini shaba yenyewe ina wadanganyifu. Koili nyingi za bei nafuu ni alumini iliyopakwa rangi nyekundu. Fundi hakisii, anakwangua kwa kisu, na weupe ukitokea anaitupa kwenye fungu la alumini. Mkono nao unajua, kwa kuwa shaba ina uzito unaozidi mara tatu ule wa alumini ya ujazo uleule.

Wenye haraka hutia moto. Rangi ya waya na plastiki huungua upesi, moshi wake mweusi ukaingia vifuani mwa watoto wa jirani, na shaba hutoka imeungua, nyeusi, ya bei ya chini. Waya uliofunguliwa kwa kisu ukiwa mzima huweza hata kurudi kwa fundi wa kusuka mota. Usiofaa huyeyushwa ukawa shaba ileile, bila kupungua ubora. Mawe ya Katanga, pamoja na sifa zake zote, hutoa kilo chache tu za shaba katika kila kilo mia. Koili iliyovuliwa vizuri ni shaba karibu tupu.

Simsemei anayepanda nguzo usiku kuiba transfoma inayofanya kazi. Huyo ni mwizi, anaacha zahanati gizani, na kwa sababu ya wenzake waliohujumu minara ya umeme Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu Januari 2022, wenye haki wakaumia pamoja nao.

Ninaowaomba ni wanunuzi wa skrepa, wenye mizani. Pimeni kopa ya kisu mbali na kopa ya moto, na tofauti ya bei iwe kubwa kiasi cha kumfanya kijana aone faida ya kukaa na kisu chake mpaka bati la kwanza liachie.