Lengo limefikiwaje kabla ya shule kufunguliwa?

Likizo iliyopita, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mwalimu wa Gredi ya 3, alinionyesha maazimio yake ya kazi ya muhula uliokuwa ukingoja. Jedwali safi kabisa. Nikasoma wiki ya 5: mwanafunzi aweze kutambua sauti /ng/ na /ng'/, kusoma maneno yenye sauti hizo, na kuchangamkia kuzitumia.

"Huku kuchangamkia unakupima vipi?" nikamuuliza.

Akacheka. "Prof, hii nilinunua tu kwa simu, nikachapisha."

Simlaumu. Mtaala wa umilisi, ulioingia madarasani kote nchini 2019, una nia njema unapotaka mtoto aipende lugha. Ila kitenzi hiki kikirudi kila wiki kama kiitikio, hakimwambii mwalimu afanye nini Jumatatu asubuhi. Kusoma kunapimika: mpe mtoto kadi kumi, hesabu alizosoma. Aliyesoma tatu bado hajafika, hata akichangamka namna gani.

Kilichoniudhi hasa ni safu ya mwisho, ya maoni. Ilikuwa imejazwa muhula mzima: "Lengo limefikiwa." Na shule hazijafunguliwa jamani! Ndiyo safu ambayo mwalimu angeandika kwamba fulani na fulani bado wanasoma "ng'ombe" kama "ngombe", kwa hivyo wiki ya 6 isubiri kidogo.

Nilimsihi aifute, awe akiiandika kwa kalamu kila Ijumaa.

"Na mwalimu mkuu akitaka kuiona imejaa?"