Riwaya ya Upelelezi na Haki ya Msomaji

Riwaya ya upelelezi ni mapatano baina ya watu wawili wasioonana. Mwandishi huahidi kuficha jambo bila ya kusema uongo. Msomaji naye huahidi kulitafuta bila ya kukimbilia kurasa za mwisho. Wote wawili wakitimiza ahadi, kitabu hupendeza, na hata kikisomwa mara ya pili hakichujuki. Mwandishi akivunja ahadi yake, uchungu wa msomaji huwa mkubwa kuliko ule auonao kwa kitabu kingine kibaya. Kwani aliyechoshwa husahau upesi, lakini aliyepunjwa hasahau.

Mimi nalijifunza jambo hili Bombolulu, kando ya barabara iendayo Malindi, wala si darasani bali barazani. Nalikuwa na nakala kuukuu ya Mzimu wa Watu wa Kale, niliyoinunua Kongowea katika rundo la vitabu vilivyokwisha kusomwa. Jalada lake lilishikizwa kwa uzi, na karatasi za mwisho zilikuwa zimeng'oka na kupotea. Niliwaazima vijana watatu wa jirani, mmoja baada ya mwingine, bila ya kuwaambia ila ya kitabu chenyewe. Kila mmoja alirudi na uso wa mtu aliyepokonywa tonge kinywani.

Jioni moja walikutana wakaanza kubishana mwuaji ni nani. Wa kwanza alimshuku mtu fulani kwa sababu ya hasira zake. Wa pili alisema kuwa penye mzimu hapahitaji mwuaji. Wa tatu, msichana wa kidato cha pili, alinyamaza kwanza. Kisha akakiomba kitabu, akafunua ukurasa wa katikati, akasoma kwa sauti maneno machache ambayo wenzake waliyapita. Baada ya majuma kadhaa tulipata nakala nzima. Hapana hata mmoja aliyekuwa amepatia yote. Walakini hawakulalamika. Walirudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, kutazama wapi walipotea njia.

Siku nyingine niliwapa riwaya ambayo sitaitaja jina. Hiyo ilikuwa nzima, jalada lake jipya. Mwishoni mwake akazuka mwuaji ambaye hakupata kutajwa katika sura zilizotangulia. Alitoka mji mwingine, akakamatwa, akaungama. Vijana wangu walikiweka kitabu chini, wala hapana aliyetaka kurudi nyuma kutafuta kitu, maana nyuma hapakuwa na kitu cha kutafutwa. Kitabu kilichopungukiwa na mwisho kiliwafurahisha, na chenye mwisho wake kiliwaudhi. Yafaa tujiulize sababu.

Mwandishi wa Mzimu wa Watu wa Kale ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991. Hadithi yake ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi wa Kiswahili la mwaka 1957–58, lililoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960. Maiti ya tajiri mmoja, Bwana Ali, yaonekana mzimuni, mahali ambapo watu huenda kufanya matambiko. Inspekta Seif yuko, na sheria iko. Lakini anayelifumbua fumbo ni Bwana Msa, mtu wa kiko na fikira ndefu, afuatanaye na rafiki yake Najum. Msomaji aliyekwisha kumjua Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, pamoja na Daktari Watson, ataona mara moja mbegu hii ilitoka wapi. Walakini mbegu ni jambo moja na udongo ni jambo jingine. Mti uliomea Unguja una majani ya Unguja: mabaraza yake, nasaba zake, hofu zake na maneno yake.

Hadithi za namna hii hazina umri mkubwa. Wengi huhesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1841, Edgar Allan Poe wa Marekani alipotoa hadithi ya mauaji ya mtaa mmoja wa Paris. Mwaka 1929 Ronald Knox wa Uingereza, aliyekuwa padri na mwandishi, aliweka masharti kumi ya mchezo huu. Mawili yatufaa hapa: mkosa sharti atajwe mapema katika hadithi, na nguvu za mashetani na mizimu zisitumiwe kufungulia fumbo. Lakini Mswahili hakuwa na haja ya kumngojea Knox ili alijue sharti la kwanza. Wazee wetu walikwisha kusema kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Mwuaji wa riwaya njema hana budi kuwa mtu tuliyeketi naye tangu sura za kwanza, tukamwitikia salamu zake, tukampita. Akifunuliwa, tunapigwa na mshangao, na papo hapo twajilaumu kwa kutoona. Mshangao usio na lawama hiyo ni kelele tu, mfano wa mlango uliobamizwa na upepo.

Sharti la pili Abdulla alilitimiza kwa namna yake mwenyewe. Hakuufukuza mzimu katika kitabu. Aliuweka kwenye jalada. Vivyo hivyo katika Kisima cha Giningi, kilichotoka mwaka 1968, alichukua jina la mahali ambapo katika imani za Unguja wachawi hukutanika, akatutia baridi kabla hatujasoma sura ya kwanza. Kisha alitutoa polepole katika hofu akatutia katika mambo ya wanadamu: tamaa, wivu, urithi na siri za nyumba. Conan Doyle alifanya jambo la jamaa na hili katika hadithi ya mbwa wa Baskerville, iliyoanza kutolewa mwaka 1901. Hofu ya jambo lisiloonekana ni pazia. Kazi ya mpelelezi ni kulivuta pazia hilo, na kazi ya mwandishi ni kuhakikisha kuwa nyuma yake yuko mtu.

Hata hivyo tusimsifu mtu kwa kufumba macho. Riwaya za Abdulla zina ila zake. Mara kadhaa fundo hufunguliwa kwa udugu uliofichwa miaka mingi, au kwa watu kukutana kwa bahati iliyo njema mno. Mara nyingine maelezo ya mwisho huwa marefu, Bwana Msa akawa mwalimu na wote waliobaki wakawa wanafunzi. Lakini mwandishi huyu alijua kumcheka shujaa wake: riwaya yake ya mwaka 1984 aliiita Kosa la Bwana Msa, na jina hilo peke yake latukumbusha kuwa akili kali nayo huteleza. Mpelelezi asiyeweza kukosa hatufundishi kufikiri, atufundisha kumngojea.

Wengine walifuata njia nyingine. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo ya mwaka 1965, aliihamishia hofu Dar es Salaam, akaipa sauti ya simu mahali pa sauti ya mizimu. Aristablus Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, alituletea Willy Gamba, mpelelezi wa Tanzania mwenye bastola na mbio nyingi, na nyuma yake vita vya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Vitabu hivi vilipendwa, na mapenzi ya wasomaji si jambo la kudharau. Hapa mapatano hubadilika: hatuulizi nani aliyefanya, twauliza atatokaje salama. Mwandishi wa namna hii hupunja msomaji kwa njia nyingine, yaani shujaa asipopatwa na jambo lolote. Risasi zikimkwepa mtu mara kumi, mara ya kumi na moja hatuna haja ya kushika pumzi.

Labda utasema, ndugu msomaji, kuwa haya ni mambo ya kupitishia saa za jioni tu. Siyo. Katika pwani yetu, huko Kilifi na Kwale, wazee wamepata kuuawa na watu wa vijiji vyao wenyewe kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shtaka hilo palikuwa na ugomvi wa shamba. Mtoto ameugua, mtu amefariki ghafula, na kabla ya kuuliza nani anafaidika, watu wamekwisha kulipata jina. Hutumia mithali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Na kweli huja, maana wao wenyewe ndio waliolileta kwa mapanga. Yule kijana wangu aliyesema kuwa penye mzimu hapahitaji mwuaji hakuwa mjinga. Alisema barazani jambo ambalo mahali pengine limegharimu roho. Tena yule aliyemshuku mtu kwa hasira zake alikosa vilevile, kwa kuwa hasira si ushahidi. Msichana aliyeomba kitabu na kurudi kwenye ukurasa ndiye aliyefanya kazi ambayo kila kijiji kinaihitaji.

Basi, ukimaliza riwaya ya upelelezi, usiseme tu kuwa nimeipenda au sikuipenda. Rudi nyuma, uulize mambo matatu. Je, nilipewa dalili zote alizopewa mpelelezi? Je, mkosa alikuwa karibu nami muda wote, au aliletwa kutoka mbali ili kumwokoa mwandishi? Je, aliyesingiziwa alirudishiwa heshima yake, au alisahauliwa mara pingu zilipofungwa mikononi mwa mwingine? Swali hili la tatu waandishi wengi hulipuuza, na pengine ndilo kubwa kuliko yote.

Ile nakala yangu kuukuu ingali inazunguka Bombolulu bila ya kurasa zake za mwisho. Nakala nzima naiweka kabatini, wala simpi mtu mpaka aje kwanza na jina la anayemshuku, na ukurasa unaomshuhudia.