Udevu Uliojikunja na Mpaka wa Wembe

Katika unyoaji wa ndevu kuna mambo mawili ambayo wanaume wengi huyahesabu kuwa jambo moja, na ambayo hayana budi kutenganishwa kabla ya uchambuzi wowote kuanza: ulaini wa uso mara tu wembe unapowekwa chini, na utulivu wa ngozi katika siku chache zinazofuata. Kwa mwenye ndevu zilizonyooka mambo haya kwa kawaida huenda pamoja, lakini kwa mwenye ndevu za kujikunja, kama walivyo wanaume wengi wa Afrika Mashariki, mara nyingi hupingana, kiasi kwamba kila juhudi ya kuongeza la kwanza hulipunguza la pili. Vifaa vingi vya kunyolea vinavyouzwa madukani vilibuniwa kwa kulitazama la kwanza peke yake, na kutokana na hilo mtu anaweza kununua wembe wa bei ghali, akaufuata mwongozo wake neno kwa neno, na bado akaamka siku ya tatu shingo ikiwa imejaa vipele.

Udevu ni uzi wa keratini, yaani protini ngumu iliyomo pia katika kucha na pembe za wanyama, na minyororo ya protini hiyo hushikamana kwa vifungo vya aina kadhaa, ambazo mbili kati yake zinahusika hapa: vifungo vya haidrojeni, ambavyo ni dhaifu na huachia maji yanapoingia, na vifungo vya salfa, ambavyo ni imara na havifunguliwi na maji hata yakiwa ya moto. Udevu mkavu ukiloweshwa hubeba maji yanayofikia takriban asilimia 30 ya uzito wake, huvimba zaidi kwa unene kuliko kwa urefu, na nguvu inayohitajika kuukata hushuka sana. Maji hayo hayaingii papo hapo, kwa sababu udevu umefunikwa na mafuta ya asili ya ngozi, na ndiyo maana uso huoshwa kwanza kwa sabuni, kisha ukaachwa na maji ya uvuguvugu kwa dakika mbili au tatu kabla ya wembe kuguswa. Anayenyoa mara baada ya kuoga amekwisha kuifanya kazi hii bila kuifikiria. Anayejipaka maji kwa kiganja na kuanza papo hapo hajafanya lolote ila kuulowesha uso kwa juu.

Povu nalo lina kazi mahususi, ambayo si kuulainisha udevu, kwa kuwa hiyo ni kazi ya maji, bali kuyazuia maji yaliyokwisha kuingia yasikauke na kuweka utando wa utelezi kati ya chuma na ngozi. Povu zito lililopigwa kwa brashi au kwa vidole, lenye gliserini ndani yake, huufanya utando huo udumu, ilhali povu la sabuni ya kufulia au ya kuogea hukauka mashavuni kabla wembe haujafika kidevuni.

Kuhusu wembe wenyewe, historia yake ya kiufundi inaeleza mengi kuhusu mahali tatizo lilipoanzia. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, wembe katika nchi za Magharibi ulikuwa bapa la kukunjwa ambalo lilihitaji kunolewa kwenye jiwe na kusuguliwa kwenye mkanda wa ngozi, na kunyoa vizuri kulihitaji mkono wenye mazoezi. King C. Gillette alipopata hataza yake nchini Marekani tarehe 15 Novemba 1904, kitu kikubwa alichokileta hakikuwa ukali mpya bali bapa jembamba la kutupwa, ambalo mtu yeyote angeweza kulitumia nyumbani bila kujikata vibaya, na ambalo fundi William Nickerson ndiye aliyebuni njia za kulikaza na kulinoa kiwandani. Mwaka 1903 kampuni ya Gillette iliuza nyembe 51 na mabapa 168. Mwaka uliofuata iliuza nyembe 90,884. Kuanzia hapo kunyoa kukawa jambo la kila asubuhi, na ngozi ambayo zamani ilipata siku kadhaa za kupumzika ikawa inakwanguliwa kila siku.

Ukali wa bapa hilo haudumu, ingawa chuma ni kigumu kuliko udevu kwa mbali. Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Gianluca Roscioli na Cem Tasan pamoja na mwenzao, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi uliofanywa kwa hadubini ya elektroni ukionyesha kwamba unywele, ulio laini takriban mara 50 kuliko chuma cha wembe, unaweza kuyamega makali yake. Makali hayo hayakusagika polepole kama ilivyodhaniwa, bali yalimegeka vipande vidogo mahali ambapo unywele ulipinda wakati wa kukatwa na ambapo muundo wa ndani wa chuma haukuwa sawasawa. Makali yaliyomegeka huushika udevu na kuuvuta badala ya kuukata, na mwasho unaofuata mara nyingi huhesabiwa kuwa ni ngozi kukataa sabuni. Pendekezo la kawaida la madaktari wa ngozi, kwamba wembe ubadilishwe baada ya kutumiwa mara tano hadi saba, lina msingi wake humo.

Mwaka 1971 uliingia sokoni wembe wa mabapa mawili, ukafuatwa na wa matatu mwaka 1998 na wa matano mwaka 2006. Hoja ya kihandisi iliyo nyuma ya mabapa hayo ni ya werevu: bapa la kwanza huushika udevu na kuuvuta nje kidogo ya kifuko chake, yaani kijishimo cha ndani ya ngozi ambamo unywele huota, na kabla haujarudi, bapa la pili hukata tena ile sehemu iliyovutwa. Kinachobaki hurudi chini ya uso wa ngozi, na mkono ukipita hausikii kitu. Kwa udevu ulionyooka hapo habari imekwisha, kwa kuwa utatoka kesho kupitia tundu lilelile. Kwa udevu uliojikunja, hapo ndipo habari inapoanza.

Madaktari wa ngozi John Strauss na Albert Kligman walilieleza tatizo hili la vipele kwa kina mwaka 1956, na maelezo yao kuhusu njia mbili za udevu kuingia ngozini bado ndiyo msingi wa ufafanuzi wa kitabibu. Katika njia ya kwanza, udevu hutoka kwenye kifuko ambacho chenyewe kimepinda, hukua kwa theluthi moja hivi ya milimita kwa siku huku ukifuata mviringo wake wa asili, na baada ya siku chache ncha yake huigusa ngozi umbali mfupi kutoka ulipotokea na kuitoboa kutoka nje. Katika njia ya pili, udevu uliokatwa chini ya uso wa ngozi hautoki kabisa, bali huutoboa ukuta wa kifuko chake ukiwa bado ndani. Yote mawili husaidiwa na umbo la ncha, kwa sababu wembe unaopita kwa mshazari huuacha udevu umechongoka kama mkuki, tofauti na ncha ya udevu ambao haujawahi kukatwa, ambayo ni nyembamba na laini. Mwili huishughulikia ncha hiyo kama ungeushughulikia mwiba: eneo huvimba, hujaa majimaji, huwasha, na kwenye ngozi nyeusi huacha doa jeusi linaloweza kudumu kwa miezi. Kwa makadirio yanayonukuliwa mara kwa mara katika maandiko ya kitabibu, kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi hupatwa na hali hiyo. Vipele hivyo kwa asili si uambukizo wa bakteria, na ndiyo sababu kuvisugua kwa dawa kali za kuua vijidudu hakuviondoi, ingawa bakteria wanaweza kuingia baadaye vikikwaruzwa.

Ikiwa chanzo ni hicho, basi baadhi ya desturi zinazosifiwa kuwa ndiyo ufundi zinastahili kutazamwa upya. Kuivuta ngozi kwa vidole ili wembe ukate karibu zaidi ni kufanya kwa mkono kazi ileile ya mabapa mawili, kwa maana ngozi ikiachiliwa udevu huzama. Kupitisha wembe kinyume cha uelekeo wa ndevu huleta matokeo hayohayo. Anayelazimika kutumia wembe atapata nafuu zaidi kwa wembe wa bapa moja ulioinamishwa nyuzi 30 hivi kutoka usoni, unaoteremshwa kwa uzito wake mwenyewe bila kukandamizwa, kwa mapigo mafupi, mara moja kila sehemu. Shingo hasa inahitaji uangalifu, kwa kuwa chini ya taya ndevu hazielekei upande mmoja: karibu na koromeo zinaweza kulala kuelekea sikioni, na sentimita chache pembeni zikageuka kuelekea juu, hali ambayo hugunduliwa kwa kupapasa ndevu za siku mbili kwa kidole na kukumbuka ni upande gani zinakwaruza.

Kifaa kinachoendana zaidi na maumbile haya, hata hivyo, ni mashine ya umeme ya kinyozi, ambayo huacha udevu wa nusu milimita hadi milimita moja juu ya ngozi, urefu ambao haumpi mtu uso wa kung'aa lakini huuzuia udevu kuzama. Mteja anayemwomba kinyozi airudie shingo kwa mashine isiyo na kitana, kisha amalizie kwa wembe mkavu ili mstari wa ndevu uonekane mkali, anaifuta faida yote hiyo kwa dakika moja. Kinyozi naye, kwa kumridhisha, humalizia kwa spiriti, ambayo huchoma na kuikausha ngozi iliyokwisha kukwanguliwa, na ambayo umuhimu wake uko kwenye kifaa kuliko usoni. Mashine inayopita kichwa hadi kichwa inapaswa kwanza kupigwa brashi ili nywele na mafuta viondoke, ndipo dawa ifuate, kwa sababu hata kisanduku cha miale ya urujuanimno husafisha tu sehemu ambazo miale inazifikia moja kwa moja. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na wembe wa kila mteja sharti uwe mpya. Hukumu hiyohiyo inalihusu jiwe la shabu, chumvi ya alumini na potasiamu inayoifinya ngozi na kuzuia damu ya mikwaruzo midogo: ni dawa nzuri nyumbani kwa mtu mmoja, na ni hatari inapopitishwa ikiwa na unyevu kutoka shavu la mteja mmoja hadi la mwingine.

Kwa mwenye vipele tayari, tiba ya kwanza ni kuacha kunyoa kwa takriban wiki nne, kwa kuwa udevu uliojichimbia, unapokaribia urefu wa sentimita moja, kwa kawaida hujifyatua wenyewe na kutoka. Kuuchokonoa kwa sindano au kuung'oa kwa kibano huacha kipande ndani na kulianzisha tatizo upya. Baada ya hapo mtu anaweza kurudi kwenye mashine, na si kwenye wembe. Vipele vilivyokwisha kugeuka makovu magumu yanayoendelea kukua haviondolewi na wembe mpya wala na mafuta ya dukani, na mwenye navyo anapaswa kumwona daktari wa ngozi kabla ya kuendelea kunyoa.