Tovuti za Umma na Msomaji Asiyeona: Uhakiki kutoka Ufukwe wa Mweru

Utangulizi

Kwa muda mrefu suala la tovuti za serikali na watu wenye ulemavu limeachiwa wataalamu wa kompyuta. Wao hupima rangi za maandishi, vitufe na kasi ya ukurasa. Sisi wa lugha tumekaa kando tukidhani kwamba hayatuhusu. Makala hii inadai kinyume chake: vizuizi vingi vinavyomkabili msomaji mwenye ulemavu katika tovuti ya umma ni vya lugha, na tovuti inaweza kufaulu vipimo vya kiufundi huku ikimwacha mlengwa wake nje. Mfano wetu ni wilaya ya Nchelenge, katika mkoa wa Luapula nchini Zambia, ufukweni mwa Ziwa Mweru. Nimechagua Nchelenge kwa sababu huko lugha tatu hukutana katika soko moja, na kila lugha ina wasomaji wasioona, wasiosikia na wenye mikono isiyoweza kubofya.

Nchelenge na wasomaji wake

Ziwa Mweru limegawanywa na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upande wa Zambia kuna Nchelenge, Kashikishi na Chiengi. Upande wa Kongo kuna Pweto na Kilwa. Ndiyo, Kilwa, na Zambia nayo ina kisiwa chenye jina hilohilo ndani ya ziwa. Kiswahili si mgeni katika eneo hili. Tippu Tip, katika tawasifu yake, anasimulia vita vyake na Nsama wa Itabwa, nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika, katika karne ya 19.

Lugha kuu ya wilaya ni Kibemba. Kiingereza ndicho lugha rasmi ya nchi. Kiswahili kiliongezeka nguvu kuanzia mwaka 2017, wakati mapigano ya kusini-mashariki mwa Kongo yalipowavusha maelfu ya watu mpaka. Walipokewa kwanza Kenani, na Januari 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala yakafunguliwa wilayani humo. Baadaye yalihifadhi zaidi ya watu elfu kumi, wengi wao wakizungumza Kiswahili, Kibemba, au vyote viwili.

Ulemavu nao una historia yake hapa. Katika miaka ya 1960 na 1970 bonde la Mto Luapula, unaoingia katika ziwa hili, lilijulikana kwa wingi wa upofu, hasa wa watoto. Surua, upungufu wa vitamini A na dawa za mitishamba zilizotiwa machoni vilitajwa kuwa sababu kuu. Chanjo, pamoja na sukari iliyotiwa vitamini A kuanzia mwaka 1998, vimesaidia kubadili hali hiyo. Hata hivyo, mtoto aliyepoteza macho wakati ule, kama yu hai, leo ni mzee mwenye wajukuu. Tunapomtaja msomaji asiyeona wa Nchelenge, basi, hatumtaji mtu wa kubuni kwa ajili ya hoja.

Sheria ipo

Zambia iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 6 ya mwaka 2012. Kifungu cha 9 cha Mkataba kinaitaja intaneti waziwazi. Kifungu cha 21 kinataka habari za umma zitolewe kwa namna zinazofikika, kwa wakati, bila gharama ya ziada. Jambo ambalo wanaisimu tungepaswa kulishika mapema zaidi limo katika kifungu cha 2: Mkataba unapofasili mawasiliano, unahesabu ndani yake lugha zenyewe, Breli, maandishi makubwa, sauti na lugha nyepesi. Kwa mujibu wa Mkataba huo, basi, lugha nyepesi haiji baada ya ufikikaji. Imo ndani yake.

Mahakama nazo zimesema. Mwaka 2011, katika shauri la Brotherton dhidi ya Tume ya Uchaguzi ya Zambia, Mahakama Kuu iliona kwamba wapiga kura wenye ulemavu walikuwa wamebaguliwa kwa kutowekewa vituo vya kura vinavyofikika. Shauri lile lilihusu majengo. Lakini huduma za serikali zimekuwa zikihamia mtandaoni mwaka hadi mwaka, na ngazi zimehama pamoja nazo. Ngazi za tovuti hazionekani kwa macho, ndiyo maana mwenye macho huzipita bila kujua kwamba zipo.

Tangazo lililogeuzwa picha

Tuchukue mfano wa tangazo ambalo kila mvuvi wa Mweru analihitaji. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaane. Anayetupa nyavu katika miezi hiyo huvunja sheria. Kwa hiyo tangazo la kufunga uvuvi ni jambo la riziki: linamgusa mvuvi, mwanamke anayeanika chisense, ambao ni dagaa wa ziwa hili, na kila mwenye deni dukani.

Matangazo ya aina hii huwekwaje mtandaoni? Katika nchi zetu nyingi desturi ni moja. Barua huandikwa kwa kompyuta, hupigwa chapa, hutiwa saini na muhuri, kisha hupigwa picha na kupakiwa katika tovuti kama picha au faili la PDF. Maandishi yaliyokuwa maandishi yanageuka kuwa picha ya maandishi. Mwenye macho haoni tofauti. Kisomaji-skrini, yaani programu inayomsomea kwa sauti mtu asiyeona, hakioni neno hata moja. Kitamtajia jina la faili, pengine mfululizo wa tarakimu, kisha kitanyamaza.

Muhuri uliowekwa kuthibitisha kwamba tangazo ni la kweli ndio uliolifunga. Wala dawa yake haihitaji fedha. Maandishi ya tangazo yabandikwe katika ukurasa wenyewe, na picha ya barua ifuate chini kwa anayetaka kuuona muhuri.

Wapo watakaosema kwamba mzee wa kijijini ufukweni hana intaneti, na kwamba tangazo litamfikia kwa redio. Hoja hii ina ukweli nusu. Redio, mwalimu, muuguzi na mjukuu mwenye simu, wote huchota kutoka chanzo kimoja. Tangazo lililo maandishi husafiri: hunakiliwa katika ujumbe mfupi, hutafsiriwa kwa Kibemba, huchapwa kwa Breli, husomwa redioni. Tangazo lililo picha hukwama palepale lilipopakiwa. Tena simu moja inayosoma kwa sauti chini ya mwembe husikiwa na watu kumi, na wasiojua kusoma wakiwamo.

Ukurasa usiotaja lugha yake

Kizuizi cha pili kinatuhusu sisi zaidi. Kila ukurasa wa wavuti unatakiwa kuitajia mashine lugha uliyoandikwa. Kiswahili kina alama yake, sw. Kibemba ni bem. Kiswahili cha Kongo kimepewa swc. Kisomaji-skrini hutumia alama hiyo kuchagua sauti. Sauti ya Kiswahili ipo, hata katika programu huria kama eSpeak, ambayo hutumiwa na kisomaji-skrini cha bure cha NVDA.

Sasa fikiria ukurasa wa Kiswahili uliojengwa juu ya kiolezo cha Kiingereza, na alama ya Kiingereza ikasahauliwa humo. Mashine itasoma Kiswahili kwa kanuni za matamshi ya Kiingereza. Neno wote litatoka kwa silabi moja, kwa kuwa e ya mwisho katika Kiingereza mara nyingi haitamkwi. Neno kale litageuka jina la mboga ya Kizungu. Sentensi nzima itakuwa kelele. Mwandishi alitumia Kiswahili sanifu, mhariri akakisahihisha, na msikilizaji hakupata kitu, kwa sababu ya herufi mbili zilizokosekana mahali pasipoonekana.

Pengo ndani ya mwongozo wenyewe

Mwongozo wa kimataifa wa ufikikaji wa wavuti, unaotolewa na muungano wa W3C, ulitoka kwanza mwaka 1999. Toleo la 2.0 lilifuata mwaka 2008, la 2.1 mwaka 2018, na la 2.2 mwaka 2023. Tangu mwaka 2008 umesimama juu ya nguzo nne: maudhui yatambulike, yatumike, yaeleweke, na yawe imara. Masharti yake yamepangwa katika daraja tatu, na serikali nyingi zinazoufuata hujifunga kwa daraja la kati.

Hapo ndipo penye kasoro. Kutaja lugha ya ukurasa ni sharti la daraja la chini kabisa, vizuri. Kuepuka picha za maandishi ni la daraja la kati, vizuri pia. Lakini sharti linalohusu ugumu wa lugha, kwamba maandishi mazito yawe na nakala nyepesi, limewekwa daraja la juu, ambalo ni serikali chache zinazojifunga kwalo. Tena hakuna sharti hata moja linalouliza kama lugha ya ukurasa ni lugha ya wasomaji wake. Kwa hiyo tangazo la kisheria kwa Kiingereza kizito linaweza kupewa cheti cha ufikikaji, kisha likasomwa kwa sauti safi mbele ya mama asiyeona wa Mantapala ambaye hajui Kiingereza. Kwa mashine, ukurasa umefikika. Kwa mama huyo, hakuna kilichofika.

Serikali haiwezi kujitetea kwa kusema kwamba lugha rasmi ni Kiingereza. Kifungu cha 258 cha Katiba ya Zambia, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, kinakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, lakini kinaruhusu lugha nyingine itumike katika utawala kama sheria itakavyoelekeza. Na tangu Agosti 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC, jumuiya ambayo Zambia ni mwanachama wake. Kwa Nchelenge, Kibemba kina haki ya kutangulia; sidai vinginevyo. Ila pale penye watu wa Mantapala, Kiswahili kifuate.

Lawama yetu wenyewe

Si haki kuwalaumu mafundi peke yao. Wanaisimu wa Kiswahili tumejadili sana majina. Tumepinga, na kwa haki, kuwaweka binadamu katika ngeli ya KI-VI kwa kuwaita vipofu, viziwi na viwete. Tumesisitiza mtu mwenye ulemavu badala ya mlemavu. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2010 inaitwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Hayo ni mafanikio. Lakini tumeishia kwenye jina. Ukurasa ambamo jina hilo jipya limeandikwa bado haumsomeki anayeitwa.

Hata istilahi ya dhana yenyewe hatujaiamua. Menyu za simu hutumia ufikivu; wengine huandika ufikiaji; mimi nimetumia ufikikaji. Tofauti si ya mapambo. Kufikia ni kazi ya mtu, naye akishindwa lawama ni yake. Kufikika ni sifa ya kitu. Mtu akishindwa, tunakikagua kitu. Kauli ya kutendeka inaupeleka wajibu unakostahili, kwa mwenye tovuti.

Lawama ya pili ni kudhani kwamba kutafsiri kwa Kiswahili sanifu kunatosha. Msomaji kutoka Pweto husema bantu na batoto tunaposema watu na watoto, na maneno mengi ya ofisi ameyapokea kutoka Kifaransa. Nywila, kiunganishi na wasilisha ni maneno mazuri darasani, lakini kwake yanaweza kuwa mageni kama Kiingereza. Simaanishi tuache Kiswahili sanifu. Nasema tovuti ya umma ijaribiwe mbele ya wasomaji wake, wakiwamo wenye ulemavu, kabla ya kufunguliwa.

Hitimisho

Mifano ya kuiga ipo, ingawa haijakamilika. Tovuti nyingi za serikali ya Tanzania zina ukurasa wa Kiswahili na wa Kiingereza. Kenya mwaka 2022 ilitoa kiwango chake cha kitaifa cha ufikikaji wa bidhaa na huduma za TEHAMA. Kinachokosekana ni kuvifunga viwili hivi pamoja, ili swali la lugha na swali la ulemavu yaulizwe kwa wakati mmoja.

Idara kama yetu ina kazi tatu za kufanya bila kungoja bajeti. Kwanza, wanafunzi wa tafsiri wapewe matangazo halisi ya umma wayaandike upya kwa lugha nyepesi, kisha wayasikilize kupitia kisomaji-skrini huku wamefumba macho. Pili, wanafunzi wa isimu wakusanye maneno ya ofisi yanayotumiwa na wasemaji wa Kiswahili cha Kongo, ili watafsiri wawe na pa kushika. Tatu, tuamue istilahi ya ufikikaji na kuifundisha. Uvuvi wa Mweru utafungwa tena tarehe 1 Desemba, na tangazo litatolewa kama kawaida. Litakalobaki kuulizwa ni watu wangapi wa ufukwe ule lililowafikia.