Safari za kipupwe Migori na Homa Bay: zinavyopangwa zikafana

Likizo ya Agosti huangukia kipupwe. Limuru na Nyahururu watoto hushinda wamejikunyata ndani ya sweta, lakini Migori na Homa Bay ziko karibu na ziwa, na kipupwe cha huku ni asubuhi zenye ubaridi kidogo na barabara zilizokauka baada ya masika. Familia nyingi na vikundi vya vijana vya makanisa huuchagua mwezi huu kutembea. Mpwa wangu, msichana wa miaka 15 anayesoma Migori, alizipita njia hizi na wazazi wake, kisha akazirudia na vijana wenzake wa kanisani. Nimezilinganisha safari hizo mbili kituo kwa kituo. Ile ya kundi ilimfunza mengi zaidi, na si kwa sababu ya pesa wala gari zuri. Saa zilipangwa vizuri, na kila kijana alipewa kazi ya kufanya.

Tuanze na Thimlich Ohinga, kule Nyatike, kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. UNESCO iliiorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018. Katika maboma ya mawe yaliyotapakaa ukanda huu wa ziwa, hili ndilo kubwa na lililohifadhika vyema kuliko yote. Familia ilifika saa sita mchana. Jua likiwa utosini, ukuta ule huonekana rundo moja la kijivu, basi wakapiga picha, wakazunguka kidogo, wakaondoka. Kundi liliondoka Migori alfajiri na kufika jua likiwa bado chini. Mwanga wa ubavuni hutia kivuli chini ya kila jiwe, na hapo ndipo jicho linaanza kuona kazi ya mikono.

Mlezi wao aliwagawa vijana wannewanne, kila wanne wakapewa kipande cha ukuta na swali moja: kimesimamaje? Ni swali zuri mno, kwa sababu jibu lake halionekani kwa mtu anayepita tu. Ukuta huu, unaokadiriwa kujengwa katika karne ya 16, haukuchimbiwa msingi. Mawe yake hayakuchongwa, na hakuna chokaa wala udongo wa kuyagandisha. Unene wake ni kama mita moja kwa wastani, na siri imo humo. Wajenzi walipanga nyuso mbili, ya nje na ya ndani, kwa mawe waliyoyachagua yaumane kwa maumbo yao ya asili, kisha wakashindilia mawe madogo katikati. Uzito wa juu unavibana vijiwe vile, navyo vinazifunga nyuso mbili pamoja. Mpwa wangu alichuchumaa mbele ya kipande chao, akamulika tochi ya simu kwenye upenyo kati ya mawe mawili makubwa, akaona vijiwe vimejaa humo hadi hapakubaki nafasi ya kidole. Aliandika hivyo hivyo kwenye daftari lake.

Kuna mahali ukuta unafika kimo cha mita 4.5, na hata hapo hauendi mstari ulionyooka. Unapinda, na kila mpindo unakitegemeza kipande kinachofuata. Palipohitaji nguvu zaidi wameongeza egemeo la mawe. Malango nayo ni mafupi, yamelazwa mawe marefu kwa juu, na mtu mzima hapiti bila kuinama. Mwanzoni vijana walidhani watu wa zamani walikuwa wafupi. Mlezi akamwambia mmoja wao apite huku ameshika fimbo kana kwamba ni mkuki, nao wakaona wenyewe kwamba anayeingia ameinama hana namna ya kuurusha, ilhali aliyesimama ndani anamwona kichwa kwanza. Hapo ndipo somo la ulinzi liliwaingia. Ndani ya Kochieng, boma kuu, kuna mwamba wenye vishimo vya mchezo wa ajua, na palizuka ubishi kama kanuni za enzi hizo zilikuwa hizi hizi wanazochezea babu zao wa Ndhiwa.

Hifadhi ya Taifa ya Ruma, katika bonde la Lambwe, Homa Bay, inadai maandalizi ya aina nyingine. Ina kilomita za mraba 120, na ndiyo mahali pekee Kenya anapopatikana korongo wa porini, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma na uso wenye mabaka meusi na meupe. Bonde hilo pia lina mbung'o, na lina historia ndefu ya malale. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, na hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vikundi vingi hupenda kuchapisha fulana za bluu za sare. Mlezi huyu alikataa, akaagiza kila mtu avae kaki au kijivu, mikono mirefu, na vioo vya gari vifungwe kwa sababu mbung'o hufuata kitu kikubwa kinachotembea. Familia ilikwenda na mtoto mdogo aliyevaa jezi ya bluu, na alirudi analia.

Udongo wa Lambwe ni ule mweusi wa mfinyanzi, unaonasa magurudumu mvua ikinyesha kidogo tu. Kwa kuwa mvua za huku hupenda kuja alasiri, Ruma iende asubuhi. Kiingilio kilipiwe mapema kwa eCitizen, foleni ya vijana langoni isile saa nzuri ya wanyama.

Kisiwani Rusinga, hata hivyo, familia ililishinda kundi. Kundi lilisimama Kasawanga kwenye kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, likasomewa kwamba aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 na kwamba safari za ndege alizozipigania zilianza na wanafunzi 81 mwaka 1959 kwenda kusoma Marekani. Ni habari za kweli, lakini ziliingia sikio hili zikatokea lile. Familia ilikuwa na nyanya. Alikuwa msichana mwaka ule wa 1969, na pale kaburini alieleza jinsi habari ilivyoingia kijijini kwa redio ya jirani, wanawake wakaacha jembe shambani. Mpwa wangu anaikumbuka ziara ile kwa maneno ya nyanya yake, na hakuna mlezi anayeweza kuyaandaa maneno kama hayo.

Kosa moja kubwa la kundi ni kutaka kubana kisiwa cha Mfangano katika siku ile ile ya Rusinga. Michoro ya miambani ya Mawanga na Kwitone inastahili siku yake. Juu ya hayo, upepo wa ziwa hupanda kadiri mchana unavyosonga, na mashua ya kutoka Mbita ni ya asubuhi kwa yeyote anayebeba watoto wa watu. Walifika ufukweni alasiri, mawimbi yamekwisha kuinuka, mlezi akaamua hawavuki. Aliamua vyema, lakini ratiba iliyopangwa vizuri isingemfikisha kwenye uamuzi huo.

Kwa walezi wanaopanga Agosti ijayo, ushauri wangu ni huu. Ondoeni kituo kimoja katika kila siku. Kila kijana apewe swali la kujibu kabla hajashuka garini. Abiria yeyote asipande mashua bila jaketi la kuokolea. Na kwenye gari hilo hilo wekeni kiti cha nyanya au babu mmoja, kanisa limlipie nauli.