Chokaa na Chuma katika Elimu ya Mwili

Katika baadhi ya maandishi ya afya ya Kiswahili husemwa kwamba mifupa yahitaji chokaa na damu yahitaji chuma. Maneno haya mawili yaonekana kuwa ya daraja moja, lakini sivyo: la kwanza lapotosha, na la pili ni sahihi ila halijitoshelezi.

Chokaa yajulikana pwani tangu kale. Matumbawe huchomwa, hewa ya kaboni ikatoka, ikabaki chokaa kavu. Ikitiwa maji hutoa joto kali, ndipo hutumiwa kujengea, na kidogo hutiwa katika tambuu. Kitu hicho ni muungano wa kalsiamu na oksijeni, wala si kalsiamu yenyewe. Kalsiamu ni metali, ambayo Humphry Davy aliitenga huko London mwaka 1808. Jina alilitoa katika neno la Kilatini lenye maana ya chokaa, akalibadili mwisho ili metali isidhaniwe kuwa ndiyo chokaa. Kwa hiyo mwandishi aiitaye kalsiamu "chokaa" hakitajirishi Kiswahili, bali aifuta tofauti ambayo elimu ilikwisha kuiweka. Katika mfupa, kalsiamu imeungana na fosfeti, ilhali chokaa kavu ikiliwa huunguza kinywa na tumbo.

Ama chuma, neno ni lile lile kwa haki, kwani elementi iliyo katika jembe ndiyo iliyo katika damu. Kasoro ni kwamba waandishi huishia kwenye jina. Kalsiamu katika miungano yake ya kawaida hutoa elektroni mbili tu. Ndiyo maana yafaa kujengea mifupa na meno, ambamo mna takriban asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili. Chuma hutoa mbili au tatu, na maisha yategemea tofauti hiyo. Hemoglobini huchukua oksijeni maadamu chuma chake kimetoa mbili. Kikitoa tatu, kama kilivyo katika kutu, haiwezi tena kuichukua.

Hayo si mambo ya maabara tu. Mama aambiwaye kwamba mchicha una chuma ameambiwa nusu ya habari. Chuma cha mboga hupokewa kwa shida. Maji ya ndimu hukisaidia, kwa kukirudisha kutoka hali ya tatu hadi ya pili, na chai inywewayo pamoja na chakula hukizuia.

Wapo wachukiao maneno ya kukopa, na hoja yao ina uzito pale ambapo Kiswahili kina neno la kitu kile kile. Kwa chuma kinalo, basi na litumike, likifuatwa na maelezo. Kwa kalsiamu hakina. Chokaa ina kazi yake, na yafaa iachiwe waashi.