Hatoshi ao balimutosha?

Kiswahili kina maneno mengi ya kusema kwamba mtu ametolewa kwenye orodha. Shida ni kwamba kila neno linamuhukumu mtu hata mbele hatujasikia sababu.

Tuanze na kuengua, neno lenye magazeti ya Tanzania yanapenda sana wakati wa uchaguzi. Kuengua ni kutoa povu ao malai juu ya maziwa. Sasa mgombea aliyeenguliwa alikuwa povu ao alikuwa malai? Neno halisemi. Kuchuja kunamfanya kuwa machicha. Kupepeta kunamuita makapi. Na siye huku tunasema tu "balimutosha". Ajabu ni kwamba kwa Kiswahili sanifu kutosha ni kufikia kiasi, lakini kwetu ni kuondoa. Watu wanasikia umetoshwa, wanaelewa hautoshi. Ni mambo mawili mbalimbali.

Shambani kuna kung'oa. Muhogo wenye mozaiki tunaung'oa, lakini majani yake yako pale, yana madoa ya njano na yamejikunja. Mwenye kubisha aje aangalie mwenyewe.

Muangalie mwaka 2018. CENI ilikataa dosye 6 kati ya 25 za wagombea urais, ikatoa sababu. Waliokataliwa wakaenda Korti ya Katiba: Samy Badibanga na Marie-Josée Ifoku wakarudishwa, Jean-Pierre Bemba akabaki nje. Unaweza kukubali uamuzi ule ao kuupinga, lakini kulikuwa kitu cha kushika mkononi. Sasa linganisha na barua zenye tunapata tukiomba kazi: "Dosye yako haikuchaguliwa." Nani hakuichagua? Juu ya nini? Hakuna mtu, hakuna sababu, hakuna pa kwenda kulalamika.

Kwa hiyo ukali wa neno haunisumbue. "Tumekukataa juu diploma yako haifanane na hii kazi" ni kali, lakini naweza kujibu, naweza hata kuonyesha kama wamekosea. "Haikuchaguliwa" ni laini, na inafunga mlango kabisa.

Basi siku chama chetu kitachagua watu kwa nafasi yoyote, tuwaandikie wale tuliowaacha: nani aliamua, kwa sababu gani, na mpaka tarehe gani wanaweza kupinga. Kisha tutumie kitenzi chochote chenye tunataka.